Duka la Msafiri

Wahenga walisema kwamba msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Methali hii fupi imebeba ukweli mpana. Mtu akiwa kwake ana mtungi wake wa maji, jiko lake, kitanda chake, na jirani wa kumwazima chumvi. Akivuka kizingiti na kushika njia, mali yake yote hubaki nyuma, na alichonacho ni kile tu kinachoingia katika mkoba. Fedha aweza kuwa nayo, lakini fedha hailiwi wala hainywewi. Hugeuka chakula na maji pale tu penye muuzaji. Kwa sababu hii njia za safari, tangu zama za misafara ya miguu, zilizaa masoko kando yake. Reli nayo haikuwa tasa. Penye stesheni pana duka, au pana mtu aliyesimama na sinia kichwani, ambaye ni duka lenye miguu.

Walakini kuwapo kwa duka ni jambo moja, na kufikiwa kwake ni jambo la pili. Duka la mtaani na duka la stesheni hufanana kwa bidhaa, hutofautiana kwa wateja. Mteja wa mtaani ni bwana wa wakati wake. Aweza kuuliza bei, kwenda duka la pili, kurudi la kwanza, na kuahirisha hata kesho. Mteja wa stesheni ni mtumwa wa saa ya ukutani. Jicho lake moja latazama bidhaa, jingine latazama gari. Mkono mmoja umeshika fedha, wa pili umeshika mzigo. Mtu wa mtaani akikosa sukari, atakunywa chai kavu. Msafiri akikosa gari, amekosa siku nzima, na pengine amekosa mazishi, mtihani au kazi aliyokuwa akiiendea. Kwa hiyo duka lililo umbali wa hatua hamsini kutoka behewani laweza kuwa mbali kuliko mji wa pili, ikiwa kati yake na behewa pana ngazi, pana mlango wa ukaguzi, na pana umati.

Ukaribu wa duka la stesheni, basi, hupimwa kwa vipimo vinne. Cha kwanza ni hatua: msafiri atatembea kiasi gani? Cha pili ni dakika: atanunua na kurudi kabla ya gari kuondoka? Cha tatu ni mwili: je, mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu atembeaye kwa kiti cha magurudumu wataweza kufika? Cha nne ni mfuko: bei ni ya haki, au ni ya kumkomoa mtu asiye na pa kwenda? Duka likishinda kipimo kimoja na kushindwa vitatu, liko mbali, hata kama harufu ya vyakula vyake yaingia behewani.

Historia ya reli ina mfano maarufu wa duka lililokuwa karibu kwa hatua na kwa dakika, likawa mbali kwa haki. Mfano huo ni wa Swindon, katika Uingereza. Mwaka 1841 kampuni ya reli ya Great Western iliafikiana na wajenzi wa stesheni hiyo kwamba waijenge kwa gharama yao wenyewe, na malipo yao yawe kukodishwa vyumba vya chakula kwa muda wa miaka 99. Kampuni iliahidi kwamba magari ya abiria yatasimama hapo dakika kumi, ili watu wapate kula na kunywa. Kwa macho ya juu juu lilikuwa jambo la huruma. Mlo ulikuwa kando ya reli, na wakati wa kula ulikuwa umetengwa kwa mkataba. Lakini muuzaji ajuaye kwamba wanunuzi wataletwa kwake kila siku, wapende wasipende, hana sababu ya kuogopa malalamiko yao. Mwaka 1842 Brunel, mhandisi mkuu wa reli ile ile, aliandika barua ya kejeli kulalamikia ubaya wa kahawa ya Swindon. Mtu aliyeichora njia hakuweza kupata kikombe chema juu ya njia yake mwenyewe! Kampuni ilijuta kwa zaidi ya nusu karne, kwa kuwa magari ya mwendo wa kasi yalilazimika kusimama mahali ambapo hayakuwa na haja ya kusimama. Mwaka 1895 iliununua mkataba ule kwa paundi 100,000 ili ijikomboe. Funzo lake ni kwamba ukaribu wa kulazimishwa ni kifungo. Duka jema ni lile ambalo msafiri aweza kulifikia, na vilevile aweza kuliacha.

Uingereza ile ile ilitoa mfano wa pili ulio mwema zaidi. Mwaka 1848 W. H. Smith alifungua kibanda cha vitabu na magazeti katika stesheni ya Euston, London. Kibanda hakikudai dakika kumi za msafiri. Kilidai nusu dakika. Msafiri alinyosha mkono, akaweka fedha, akachukua kitabu, akaingia behewani. Katika Ufaransa Louis Hachette aliiga wazo hilo, na tangu mwaka 1853 akatoa mfululizo wa vitabu kwa ajili ya wasafiri wa reli. Wanafunzi wa fasihi hawana budi kukumbuka kwamba sehemu ya usomaji wa watu wengi wa zama zile ililelewa stesheni, juu ya meza ndogo, baina ya kengele ya kwanza na kengele ya pili. Thamani ya mahali pale haijafa. Mwaka 2025 kampuni hiyo ya Smith iliuza maduka yake ya mitaani, ikabaki na yale ya stesheni, viwanja vya ndege na hospitali. Mtaani mtu anayo mahali pengi pa kununulia; njiani hana.

Ikiwa ni hivyo, serikali yaweza kuuliza: msafiri ahitaji nini hasa, na nini si haja yake? Ujerumani ililijibu swali hili kwa sheria. Sheria ya mwaka 1956 ilifunga maduka jioni na siku za Jumapili ili wauzaji wapumzike, lakini ilitoa ruhusa ya pekee kwa maduka ya stesheni, mradi wauze mahitaji ya safari. Mahitaji hayo yakaelezwa kuwa ni kama magazeti, ramani, vitabu vya kusoma njiani, dawa za safari, maua, na chakula kwa kiasi kidogo. Kuwamo kwa maua katika orodha ya serikali si jambo la kuchekwa. Ni kukiri kwamba msafiri hana tumbo tu. Anaye pia mwenyeji anayemngojea, na haifai kumfikia mikono mitupu. Ruhusa ile, hata hivyo, ilikuwa na shimo lake. Biashara ilipoona kwamba stesheni haifungwi wakati miji imefungwa, iliingia kwa wingi. Mwaka 1997 stesheni kuu ya Leipzig ilifunguliwa upya ikiwa na maduka zaidi ya mia moja katika ghorofa tatu. Ni jengo la fahari, na wakazi wengi huliendea bila nia ya kupanda gari lolote. Hapo huzuka shida mpya: duka lililokuja kumtumikia msafiri lageuka msafiri kuwa mgeni katika nyumba yake. Atafutaye maji na gari lake li karibu kuondoka hupita viatu, nguo na manukato kabla ya kuyaona maji. Wingi wa maduka si ukaribu wa duka.

Hakuna nchi iliyokutana na jambo hili kwa wingi wa watu kuliko Japani. Stesheni ya Shinjuku, katika mji wa Tokyo, hupitiwa na watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, nayo ina njia za kutokea zaidi ya mia mbili. Katika bahari kama hiyo, mtu akitoka nje ya mlango wa tikiti kutafuta mkate, hana hakika ya kurudi penye gari lake upesi. Mlango wa tikiti ni mpaka, na mpaka hugawa nchi. Kwa hiyo swali kubwa la wajenzi wa stesheni si kama duka lipo, bali kama liko upande gani wa mpaka. Wajapani walilijibu kwa kuyavusha maduka. Mwaka 2005 kampuni ya reli ya mashariki ya Japani ilifungua katika stesheni ya Omiya kundi la maduka ndani ya mlango wa tikiti, nao mtindo huo ukaenea katika stesheni nyingine kubwa. Abiria abadilishaye gari hununua bila kutoka. Mwaka 2006 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuondoa vikwazo vya mwili katika majengo na vyombo vya usafiri pamoja, ili lifti, milango mipana na mitelemko viwe wajibu badala ya hisani. Mambo haya mawili ni ndugu. Duka lililo ndani ya mpaka lakini juu ya ngazi arobaini bado liko nje kwa mtu asiyeweza kupanda.

Ukitoka katika majengo hayo makubwa ukaja Afrika ya Mashariki, utaona desturi iliyolitatua fumbo lile kwa njia nyingine kabisa. Reli ya kati ya Tanzania ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Njia hiyo ni ya kilometa zaidi ya elfu moja na mia mbili, na katika stesheni zake nyingi hapakuwa na duka la kujengwa. Badala yake palikuwa na dirisha. Gari liliposimama, wachuuzi walitokea kama kwamba ardhi imewatoa: huyu na beseni la machungwa, yule na karanga, wa tatu na mayai ya kuchemsha na chumvi katika kipande cha karatasi. Saranda ilijulikana kwa kuku, Tabora kwa asali, Kigoma kwa mawese na dagaa. Msafiri aliijua nchi yake kwa mdomo kabla ya kuijua kwa ramani.

Dirisha lile lishike vipimo vinne, halitashindwa upesi. Hatua zilikuwa sifuri, kwa kuwa si mteja aliyelifuata duka, bali duka lilimfuata mteja. Dakika zilikuwa zote za gari kusimama. Mwili haukuulizwa kitu: mzee asiyeweza kushuka, mama anayenyonyesha, na mtu asiye na miguu, wote walinunua sawa na kijana mwenye nguvu. Na mfuko ulisalimika, kwa sababu wauzaji kumi wakishindana chini ya dirisha moja, bei hushuka yenyewe. Tena faida haikuwa ya msafiri peke yake. Mgeni njoo mwenyeji apone. Gari moja lilipokuwa likipita, ada za shule na vibaba vya unga vilipatikana katika nyumba ambazo hazijawahi kununua tikiti.

Haifai, lakini, kusifu jambo hata kuficha aibu yake. Dirisha lilikuwa na hatari. Watoto walikimbia kando ya magurudumu, na wengine walipita chini ya mabehewa ili wawahi upande wa pili. Mnunuzi asiye mwaminifu alinyakua kuku, na gari likaondoka naye. Muuzaji asiye mwaminifu alipokea noti, na chenji yake haikuonekana tena. Mkono uliopenya kuuza ndizi ulifanana na mkono uliopenya kuiba mkoba, na msafiri aliyesinzia hakupata nafasi ya kuutofautisha. Kuhusu usafi, vumbi halikulipa nauli, walakini lilisafiri juu ya kila chakula. Mtu anayeyakumbuka machungwa na kuyasahau magurudumu hasemi kweli yote.

Zikaja reli mpya. Kenya ilizindua njia yake ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tanzania ilianza kuwachukua abiria kwa gari la umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Ni maendeleo ya kweli, wala hapana haja ya kuyanung'unikia. Njia iliyokuwa ikila mchana na usiku sasa hulika kwa saa chache, na mwendo hufika kilometa 160 kwa saa. Stesheni ni safi, tikiti ina nambari ya kiti, na mizigo hukaguliwa kabla ya mtu kuingia. Lakini katika mabadiliko hayo pana jambo dogo ambalo halikupigiwa ngoma: dirisha halifunguki. Gari lina hewa iliyopozwa, kioo kimefungwa, na kituo cha njiani ni cha dakika chache. Mchuuzi haruhusiwi kupita ukaguzi na beseni lake. Ananing'inia nje ya ua, akilitazama gari lipitalo kama mvuvi aitazamaye bahari iliyozungushiwa ukuta.

Hapa ndipo palipo kiini cha habari. Dirisha lilipofungwa, kazi nne lililokuwa likizifanya hazikufa. Zimebaki bila wa kuzifanya. Abiria bado huona njaa na kiu. Mama bado ana mtoto anayelia. Mkazi wa Morogoro au Kilosa bado ana matunda yanayoiva na kuoza. Duka la ndani ya stesheni laweza kuzipokea kazi hizo, au laweza kuzikataa. Likipangishwa kwa kodi ambayo tajiri peke yake huimudu, likawekwa kabla ya ukaguzi na si baada yake, likauza vitu vya makopo kwa bei ya hotelini, basi stesheni itakuwa na duka na msafiri atakuwa hana duka. Atabeba chakula kutoka nyumbani kwake, kama babu yake alivyobeba katika msafara, naye amekaa katika gari la karne ya ishirini na moja.

Mtu aweza kudhani kwamba huo ndio mwisho usioepukika wa magari ya kasi. Japani yakanusha. Nako pia wachuuzi walisimama chini ya madirisha, wamebeba sinia shingoni, wakiuza makasha ya wali na samaki. Husimuliwa kwamba mtindo huo ulianza katika stesheni ya Utsunomiya mwaka 1885, kwa matonge ya wali yaliyofungwa katika ganda la mwanzi. Kila mji ulikuwa na kasha lake, kama Tabora na asali yake. Mwaka 1964 gari la kasi la Shinkansen lilianza safari; madirisha yakawa hayafunguki, vituo vikafupishwa, na ule wito wa wachuuzi ukafifia. Lakini kasha halikufa pamoja na sinia. Lilipewa kibanda karibu na mahali pa kupandia gari, likapewa nafasi ndani ya magari, na katika stesheni ya Tokyo liko duka liuzalo makasha ya miji mbalimbali ya nchi nzima. Hata uuzaji wa ndani ya magari ulipokoma katika mabehewa ya Nozomi na Hikari ya njia ya Tokaido, mwishoni mwa Oktoba 2023, kibanda cha stesheni kilibaki. Dirisha lilifungwa, lakini mtu alifikiri mapema juu ya mlango. Tofauti ya mafanikio na hasara ilikuwa fikira hiyo tu.

Fikira kama hiyo haihitaji utajiri wa Japani. Yahitaji kwanza kwamba sehemu ya vibanda iwe ndani ya ukaguzi, karibu na mahali pa kungojea, na saa kubwa ionekane kutoka kaunta, ili mtu asinunue kwa hofu. Yahitaji kwamba meza iwe ya kimo ambacho aliyeketi katika kiti cha magurudumu aweza kuifikia kwa mkono, na njia ya kuiendea isiwe na ngazi. Yahitaji kwamba baadhi ya vibanda vipangishwe kwa vyama vya wachuuzi wa mahali pale, kwa kodi ya kadiri, wakaguliwe afya na usafi, na wavae alama ya kujulikana. Usalama hautapungua kwa kumwandikisha muuzaji. Hupungua kwa kumwacha nje bila jina. Yahitaji, mwishoni, kwamba bei za maji, chai na mkate ziandikwe mahali pa wazi, ili jambo la Swindon lisizaliwe tena kwa lugha nyingine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni madogo mbele ya madaraja na mahandaki. Ni madogo kweli, lakini ukubwa wa jengo si kipimo cha heshima yake kwa watu. Mhandisi huhesabu abiria kwa maelfu, na ni lazima ahesabu hivyo. Abiria huona kiu mmoja mmoja. Reli humchukua mtu mwenye haja kama mzigo usemao, ikimtoa hapa na kumshusha pale. Haja ile ikikumbukwa, mzigo ule hurudi kuwa mtu. Sultani na mchungaji wakiwa stesheni wote ni maskini kwa saa chache, na stesheni ndiyo mwenyeji wao. Mwenyeji mwema hamwambii mgeni kwamba maji yako nyuma ya ukuta. Humletea mahali alipoketi, naye mgeni hunywa na kuondoka kwa wakati.